Kinyozi Aliyekataa Kufunga

Nyumbani, 3 Machi

Mdogo wangu Kasuku,

Salamu zikufikie huko mjini, wewe na wifi yangu, zikiwakuta wazima. Sisi hatujambo. Mapacha wameng'oka meno ya mbele wote wawili wiki moja, na sasa ukiwauliza nani kamaliza sukari unajibiwa kwa mluzi. Shemeji yako anakusalimu. Yuko kibandani kwake sokoni kama kawaida, anapunguza suruali za watu waliokonda.

Baba ni mzima, tena mno. Tangu Wizara wakupe hiyo kazi ya kuwasemea redioni, mzee huyu hashikiki. Redio ameitoa sebuleni, ameipeleka kazini, ameiweka juu ya rafu ya mafuta na vitana. Saa moja asubuhi ukianza kuongea anasimamisha wembe. Mteja awe amenyolewa nusu, awe na povu mpaka masikioni, atasubiri. "Nyamazeni, mwanangu anaongea." Hata kama unaongea habari za mbolea.

Sasa ndugu yangu, hii kodi mpya. Uliposema kwamba sabuni, chumvi na mafuta ya taa vyote vinaongezewa kodi, na kila mwenye meza sokoni atakata kibali, watu walinyamaza. Ulipoongeza kwamba wakati ni mgumu na sote tujifunge mkanda, walipasuka kicheko. Mwenye bucha, yule rafiki yake Baba wa tangu ujana, alisema, "Mwambie mwanao mkanda tulishauchemsha tukaunywa mchuzi." Baba hakucheka. Aliwauliza, "Barabara iliyowaleta hapa ilijengwa kwa mate?" Basi wakabishana mpaka saa ya chakula, na hakuna aliyenyolewa.

Mimi hesabu za serikali sizijui, nakuuliza tu kama dada. Kwa nini sabuni? Na wale wenye maghala makubwa kule kwenye njia ya reli, mbona hukuwataja?

Baba ananinyang'anya kalamu.

*Mwanangu, nakusikia vizuri sana. Ila unapotaja tarakimu punguza mwendo, sisi wazee tunaachwa njiani. Kula vizuri. Baba yako.*

Umeona mwandiko wake, bado umenyooka kama uzi. Wasalimie wote.

Dada yako


Mjini, 22 Machi

Dada yangu mpendwa,

Nimepokea barua yako na nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, ili wifi yako acheke. Anakusalimu. Miguu imemvimba na viatu vyangu ndivyo anavyovaa sasa, lakini daktari anasema mtoto amekaa vizuri. Waambie mapacha mjomba wao anawatafutia peremende zisizohitaji meno.

Umeniuliza kwa nini sabuni. Na mimi niliuliza hivyo hivyo siku ya kwanza waliponipa taarifa nisome. Jibu nililopewa ni kwamba sabuni kila mtu huinunua. Najua hupendi jibu hilo. Lakini nikuambie nilichokiona. Nilimpeleka wifi yako hospitali kuu, nikamkuta muuguzi anachana shuka kuukuu apate kitambaa cha kufungia kidonda. Hazina ni kavu, Dada. Waliokuwa wakitukopesha wamefunga mikono. Tusipokusanya, watakaoachishwa kazi wa kwanza ni walimu na wauguzi. Siamini kila neno ninalosoma redioni, lakini hilo naliamini.

Mwambie Baba nitapunguza mwendo. Na umwombe, kwa upole, arudishe redio nyumbani. Kazini kwake wanaingia watu wa kila aina, na mimi sitaki maneno yangu yamharibie riziki. Mwezi wa tano nimeomba likizo, nitakuja tukae.

Mdogo wako,
Kasuku


Nyumbani, 17 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mpe wifi pole ya miguu, mwambie aiweke juu ya mto akikaa. Nimemfumia mtoto kofia mbili, ya tatu sufi imeniishia.

Redio haikurudi nyumbani. Nilimwambia Baba kama ulivyoniagiza, akanitazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo barabarani. "Nimuonee haya mwanangu?" Basi nikaacha.

Wateja wamepungua. Sikutaka kukuandikia, lakini utasikia kwa wengine. Wiki iliyopita mwenye bucha alikuwa kitini, povu limeshapakwa, shavu moja limeshatoka safi. Wewe ukasema redioni kwamba wanaolalamika sana ni wale waliozoea kukwepa. Mwenye bucha akasema, "Rafiki yangu, zima kitu hicho."

Baba akamwambia, "Akimaliza."

"Mwanao ananiita mwizi, na wembe wako uko shingoni kwangu. Nikae tu?"

"Hajakutaja jina."

"Angenitaja ningefurahi. Ningemjibu."

Akainuka, akavua shuka shingoni, akalikunja vizuri kabisa, akaliweka kitini na kutoka. Akapita soko zima shavu moja likiwa laini na la pili lina povu. Watu walicheka. Lakini hakwenda kwa kinyozi mwingine, na kwa Baba hakurudi, akakaa kutwa buchani akikata nyama, ndevu zikiwa upande mmoja, siku baada ya siku, mpaka watu wakaacha kucheka. Baba naye alikuwa akimwona kwa mbali kupitia dirisha. Jioni moja nilimsikia akisema peke yake, "Angalau angenyoa."

Jambo jingine. Wachuuzi wameunda kamati, na shemeji yako wamemchagua awaongoze. Nilimwambia akatae. Akasema wamemchagua kwa sababu hapigi kelele. Ni kweli, unamjua. Usiku tukikaa mezani, yeye na Baba, tunaongea habari za mvua. Sijawahi kuona mvua inayoongelewa hivi. Wameamua Jumatatu moja mwezi ujao soko zima lifungwe, na maduka yote ya pembeni, ili Wizara ione. Baba amesema yeye hatafunga.

Hukunijibu habari za maghala.

Baba ameandika hapa:

*Kasuku, usihangaike na ya huku. Mtu mmoja kuwa na hasira si mji mzima. Likizo usisahau.*

Dada yako


Mjini, 2 Mei

Dada,

Naandika kwa haraka, gari la Waziri linasubiri chini. Wifi yako na mimi ni wazima.

Likizo imesogezwa mbele. Nisamehe, kila siku kuna mkutano na kila mkutano una taarifa yake.

Tafadhali mzuie Baba asifungue siku hiyo. Mwambie nimesema mimi. Mwambie hata nikiongea asubuhi hiyo, anisikilize akiwa kitandani. Na umwombe shemeji awe karibu naye. Yeye watu wanamsikiliza, akisimama pale mlangoni hakuna atakayemgusa mzee.

Kasuku


Nyumbani, 25 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi tupo.

Samahani nimechelewa kukuandikia. Baba alianguka kazini, siku ile ya kufunga soko. Nyonga imevunjika. Yuko hospitali ya hapa, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Anakula kidogo. Daktari anasema mifupa ya mzee haina haraka. Baba amesema usije mpaka wifi ajifungue.

Shemeji yako amesafiri kutafuta vitambaa.

Mapacha wanakusalimu.

Dada


Mjini, 30 Mei

Dada,

Barua yako ilinikuta nimeshajua. Taarifa ya mkuu wa wilaya ilifika ofisini kwetu kabla yako, na ndani yake imeandikwa kwamba kundi la wagomaji lilivamia kwa kinyozi mmoja mzee aliyekataa kufunga, likamwangusha na kumvunja. Nimeisoma nikiwa nimesimama, na watu wakinitazama. Wewe unaniandikia kwamba ameanguka, kama vile aliteleza kwenye ganda la ndizi. Na chini ya barua hakuna mkono wa Baba. Kwa nini unanificha?

Mkubwa wangu aliniita. Akaniuliza, "Huyu si mzazi wako?" Nikasema ndiye. Akasema pole, akaniagizia chai. Halafu akasema nchi inapaswa kujua wagomaji ni watu wa namna gani, na hakuna awezaye kulisema hilo vizuri kuliko mimi. Sikuhitaji kusukumwa, Dada. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Juzi asubuhi nilisema redioni kwamba mzee asiye na silaha, mzazi wangu mwenyewe, amevunjwa nyonga na wahuni kwa sababu tu alifungua mlango wake wa kazi, na kwamba aliyefanya hivyo atafutwe popote alipojificha.

Najua ulisikia. Sasa nakuomba kitu kimoja tu, nitajie ni nani. Mji wetu ni mdogo, lazima unamjua. Nitajie.

Mdogo wako


Nyumbani, 14 Juni

Ndugu yangu,

Umeniuliza ni nani. Kaa chini kwanza.

Aliyesukuma mlango ni shemeji yako.

Nilikuandikia kwamba amesafiri. Hakusafiri. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia, na kila nikiandika nachana. Sasa nitakueleza yote, maana hakuna tena cha kuficha.

Asubuhi ile, ingawa nilimpa ujumbe wako, Baba alikwenda mapema, akafungua, akawasha redio. Soko lilikuwa kimya, mabanda yote yamefungwa kwa kamba. Wachuuzi walikuwa wamesimama barabarani, wengi wao vijana waliokosa kazi kiwanda cha nguo kilipofungwa, na sauti yako ikawa inatoka pale peke yake, mji mzima unaisikia. Mtu mmoja akaokota jiwe. Mume wangu akamzuia mkono. Akasema, "Ngoja, huyo ni baba mkwe wangu, nitaongea naye." Nilikuwepo, nilikuwa nimemletea Baba chai.

Akamwendea mlangoni. "Baba, funga leo tu. Nakuomba. Hawa siwezi kuwazuia mpaka jioni."

Baba akasema, "Mwanangu anaongea."

"Nasikia. Utamsikiliza nyumbani."

"Nikimfungia leo, kesho nitamfungulia kwa uso gani?"

"Baba, watavunja kioo. Watakuumiza."

"Basi wewe simama na mimi."

Hapo mume wangu aligeuka akawatazama wale waliomchagua, akamtazama Baba. Akashika mlango auvute aufunge kutoka nje, Baba akaushika kwa ndani. Wakawa wanavutana, kwa adabu kabisa, kama watu wanaogombea kulipa nauli. Kisha nyuma watu wakasukumana, na yeye akasukuma. Sijui kama alisukuma kwa sababu alisukumwa. Nimemuuliza, naye hajui. Mlango ukarudi ndani, Baba akaangukia kwenye chuma cha kuwekea miguu pale kitini. Niliusikia mfupa.

Aliyembeba mgongoni mpaka hospitali ni mume wangu. Aliyelala chini ya kitanda chake ni mume wangu. Daktari alipouliza, Baba alisema ameteleza kwenye povu la sabuni, na wale wawili hawakulizungumza tena. Siku uliyosema redioni, mume wangu alikuwa anamlisha uji. Redio ya wauguzi ilikuwa wazi. Ukasema "wahuni". Ukasema "popote alipojificha". Kijiko kikabaki hewani. Baba akafungua mdomo apewe uji, kama hajasikia. Kesho yake polisi wakaja wodini, maana mtu alishamtaja, wakamchukua akiwa na bakuli mkononi.

Ninachokuomba si kikubwa. Wewe ndiye uliyesema, sema tena. Sema kwamba hukujua.

Dada yako


Mjini, 30 Juni

Dada yangu,

Natumaini Baba anaendelea vizuri. Huku mvua zimekatika na joto limeanza mapema. Wifi yako amejifungua salama, mtoto wa kike. Ana paji la uso la marehemu Mama. Kofia zote mbili zinamtosha.

Barua yako nimeipata. Nilikwenda kwa Mkubwa siku hiyo hiyo. Nikamwambia yote, nikaomba nipewe nafasi asubuhi nieleze kwamba lilikuwa jambo la familia, na kwamba mzee hakushambuliwa na wahuni. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Unataka kuwaambia wananchi kwamba ulisema uongo?" Nikasema sikusema uongo, sikujua. Akasema, "Basi kaa na kutojua kwako. Kesi iko mahakamani, si redioni."

Nilirudi mezani nikaandika taarifa ya kesho yake.

Nimezungumza na wakili mmoja, anasema shemeji akiomba radhi mapema adhabu itapungua. Kama kuna ninachoweza kufanya, niambie.

Ndugu yako


Nyumbani, 26 Julai

Ndugu yangu,

Hongera kwa mtoto. Mungu amkuze. Sikukujibu mapema kwa sababu uliniuliza unachoweza kufanya, nami nilikuwa nimeshakuambia.

Kesi imekwisha. Nakueleza kwa kuwa ni baba yako.

Daktari alimkataza kutoka kitandani kwenda kutoa ushahidi. Baba akasema atatoka hata kwa kutambaa. Basi mwenye bucha akaja wodini. Walikuwa hawajasemeshana tangu siku ya ndevu. Akasimama, akasema, "Kinyozi, nasikia unataka kubebwa." Baba akasema, "Kama mgongo unaruhusu." Wakamtoa kwa kiti, watu wanne, wawili kati yao walikuwa barabarani siku ile. Mahakamani wakamweka mbele, kiti na yeye, na uso wake ulikuwa wa kijivu kwa maumivu.

Hakimu akamuuliza nani alimwangusha.

"Sakafu, mheshimiwa. Ilikuwa na povu."

Mwendesha mashtaka akasimama. "Mzee, mwanao mwenyewe amelitangazia taifa kwamba ulivamiwa."

"Mwanangu anaongea vizuri," Baba alisema. "Lakini hakuwepo."

"Kwa hiyo ni mwongo?"

"Ni mtoto aliyesikia baba yake ameumia. Wewe huna baba?"

Ndugu yangu, tangu tuzaliwe mimi na wewe tumewahi kumsikia Baba akidanganya? Alimfukuza fundi aliyezidisha bei ya kitasa. Hakimu alikuwa anamwamini. Niliona anaweka kalamu chini. Nikasema moyoni, yamekwisha, tunarudi nyumbani.

Ndipo mume wangu akasema kutoka kizimbani, "Mheshimiwa, mzee anasema hivyo kwa ajili yangu. Ni mimi niliyesukuma."

Baba akageuza shingo, akamwambia kwa sauti ya chini, kama anavyowaambia mapacha, "Nyamaza wewe."

"Baba, nisamehe. Siwezi kukuacha ubebe na hili."

Miaka miwili. Kwa kumjeruhi mtu na kuongoza mgomo usio halali. Tulipomlaza Baba akasema, "Nilikuwa nimeshammaliza yule hakimu." Kisha akageukia ukutani.

Nilimuuliza mume wangu kwa nini, walipokuwa wakimpandisha garini. Akasema, "Angekufa na uongo wangu mdomoni." Sijui kama nimuonee fahari au nimchukie. Siku nyingine naamka na hili, siku nyingine na lile. Mapacha wanauliza, nawaambia baba yao anashona mbali.

Dada


Mjini, 11 Septemba

Dada,

Salamu kwako, kwa Baba na kwa mapacha. Mtoto anaanza kugeuka mwenyewe.

Sijui kama bado mnasikiliza. Leo asubuhi nimetangaza kwamba kodi ya sabuni na ya chumvi imefutwa, na vibali vya meza sokoni vimesimamishwa. Niliandikiwa niseme kwamba Serikali ni sikivu na imesikia kilio cha wananchi. Nilisema. Nilipotoka chumba cha matangazo vijana wa mitambo walikuwa wanapiga makofi. Nilikwenda msalani nikakaa humo.

Uliwahi kuniuliza habari za maghala, nami nikakaa kimya. Wenyewe walisamehewa kodi tangu mwaka juzi, kwa kuahidi kuajiri watu. Hawakuajiri. Nililijua hilo siku ya kwanza.

Nimemwandikia hakimu mkuu kuhusu shemeji, kwa jina langu mwenyewe, bila kuomba ruhusa. Sijajibiwa. Tuna ziara ya mikoani na Waziri, ya kueleza kufutwa kwa kodi. Ikiisha tu ninakuja. Nataka kumwona Baba. Muulize kwanza kama atanipokea.

Mdogo wako


TELEGRAMU
5 Oktoba

BABA AMEFARIKI LEO ASUBUHI STOP TUNAZIKA KESHO STOP DADA


Nyumbani, 24 Oktoba

Mdogo wangu,

Nimeona bora nikuandikie, maana ulipokuja tulikaa sebuleni na wageni tukashindwa kusema lolote. Ulikunywa chai, ukabeba mapacha, ukaondoka. Sikukulaumu kwa kuchelewa. Posta waliniambia telegramu ilikufuata mji hadi mji.

Nilimuuliza Baba lile swali lako. Ilikuwa wiki moja kabla. Kidonda cha mgongoni, cha kulala sana, kilikuwa kimeshaingia ndani na homa haishuki. Nikamwambia, Kasuku anauliza kama utampokea. Akasema, "Swali gani hilo? Mlango unafunguliwa kwa mtoto akiuliza?" Kisha akasema nimkunjie shati lake la bluu, atalivaa siku utakayofika. Sikuweza kukuambia haya mbele ya watu.

Mwenye bucha ndiye aliyemnyoa kila asubuhi mpaka mwisho. Mikono ya kukatia mifupa, lakini hakumkata hata mara moja. Walikuwa hawaongei kodi. Walikuwa wanabishana nani kati yao alikuwa na nywele nyingi ujanani.

Sasa nina ombi, na hili usinipelekee kwa wakili. Mume wangu hajui. Wamemhamishia gereza kubwa la huko kwenu, na mimi sina namna ya kusafiri na mapacha kabla ya kufunga shule. Barua zinafunguliwa na kusomwa na watu. Sitaki asomewe na askari kwamba mzee amekufa. Nataka umwendee wewe, umwambie kwa mdomo wako.

Dada yako


Mjini, 16 Novemba

Dada yangu,

Nimekwenda. Naandika kabla sijavua viatu.

Wanaingiza wageni kwenye chumba kirefu chenye wavu katikati. Amekonda, nywele wamezikwangua vibaya, zimebaki mabaka. Aliponiona alidhani nimeletwa na kazi. Akasema, "Shemeji, kama umekuja kunieleza habari za kodi, hapa hatununui sabuni, tunagawiwa." Alijaribu kucheka. Nikamsalimu, nikamwambia wewe na mapacha hamjambo.

Akasema, "Na Baba?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilikuwa nimepanga maneno, Dada, unajua ninavyopanga maneno. Nilipofungua mdomo hakuna hata moja lililokuja. Nikasema, "Baba amekufa."

Alishika wavu kwa mikono yote miwili. Baadaye akauliza, "Ni ile nyonga?"

Ningeweza kusema ni uzee. Ningeweza kusema ni homa, na isingekuwa uongo kamili. Nimeishi na kulea familia kwa maneno ya namna hiyo. Nikasema, "Ndiyo. Ni nyonga."

Akatikisa kichwa polepole. Sikumwambia si kosa lake. Nilimwambia kwamba nilisema redioni bila kujua, na nilipojua nilikaa kimya, na kwamba nimeacha kipaza sauti. Nimeomba kazi ya chini, chumba cha nyuma, na walinikubalia bila swali kwa sababu sauti nyingine ilipatikana siku hiyo hiyo. Alikuwa hanisikilizi. Aliuliza tu, "Ulimzika?"

"Sikuwahi. Nilikuta udongo umeshakauka."

Akasukuma vidole vyake kupitia tundu za wavu, vile vinavyopita, akasema, "Basi tuko wawili."

Tulilia pale, watu wazima, na watu wakitupita. Askari alikuja kutuambia muda umekwisha, akatuona, akageuka akasimama akitazama ukuta mpaka tulipomaliza. Shemeji amesema mapacha wasidanganywe tena, waambiwe yuko wapi. Amesema uuze cherehani ya zamani kama utahitaji, ile mpya usiuze.

Jumapili nitakwenda tena.

Mdogo wako